Kidonge cha Kila Asubuhi: Je, ni Kukosa Imani?

  

Swali tunalojibu katika toleo hili limetoka kwa ndugu zetu wa kikundi cha maombi cha Mpumudde, pale Jinja. Mama mmoja wa kikundi hicho alipimwa damu, na karatasi ikarudi na namba zisizo za kawaida. Aliambiwa kwamba tezi yake ya shingoni imelegea, na kwamba inafaa aanze kumeza kidonge kimoja kila asubuhi, labda mpaka mwisho wa maisha yake. Yeye hakukataa wala hakukubali. Alikiuliza kikundi: tumeomba uponyaji miezi sita, nikianza sasa dawa ya maisha, si nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba nimechoka kumsubiri?

Kikundi kikagawanyika. Wengine walisema ameze, wengine walisema tufunge kwanza siku saba. Wengine tena walisema asianze jambo la maisha katika nchi ya ugeni, angoje mpaka tutakapofika mahali pa kukaa. Ndipo wakatuomba tuandike. Tumeona swali hili ni kubwa kuliko ugonjwa wa mama mmoja, kwa sababu wako wengi kati yetu wenye sukari, presha au kifafa ambao wanajiuliza lile lile usiku bila kulisema.

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Si vizuri kutoa hukumu ya kiroho juu ya jambo ambalo hatujui linavyokwenda.

Tezi hii inakaa mbele ya shingo, chini ya koromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Madaktari wanaiita thairoidi. Inatengeneza homoni ambayo huuambia mwili mzima uende kwa mwendo gani: moyo upige vipi, chakula kigeuke nguvu na joto kwa kasi gani, hata akili ifikiri upesi au polepole. Homoni ikipungua, mwili wote hupunguza mwendo, kama kaseti inayochezwa wakati betri za redio zinaisha. Wimbo ni ule ule lakini unavutwa. Mtu anachoka bila kufanya kazi. Anasikia baridi wakati wenzake wanatafuta kivuli. Ngozi inakauka, nywele zinakatika, sauti inakuwa nzito, choo kinakuwa kigumu, uzito unaongezeka ingawa sahani haijaongezeka. Wanawake wengine hutoka damu nyingi ya mwezi. Na moyo wa mtu unainama, anakuwa mtu wa huzuni.

Sasa fikirini, wapendwa, dalili hizi zikimpata mkimbizi. Nani atafikiri ni tezi? Majirani watasema ni mawazo, kwa sababu wanajua aliyoyaona njiani. Mawifi watasema ni mvivu, tangu afike hapa hataki kulima. Na katika mikutano yetu ya maombi kuna wanaokimbilia kusema ana roho ya uzito, wakaanza kuikemea. Hatusemi mawazo hayapo, wala hatukani kwamba kuna vita vya kiroho. Lakini kumwita mtu mvivu wakati damu yake haina homoni ni kumshuhudia jirani uongo, na amri hiyo ni moja ya zile kumi. Mama wa Mpumudde alibeba jina la uvivu mwaka mzima kabla ya karatasi kumtetea.

Karatasi hiyo inasomwa hivi. Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi nyingine ndogo ambayo ni kama msimamizi wa kazi. Ikiona homoni ya shingo haitoshi, inatuma ujumbe kwenye damu kuihimiza tezi ya shingo. Ujumbe huo ndio unaoandikwa TSH. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, maana yake si kwamba tezi ina nguvu nyingi. Wengi wanakosea hapo. Maana yake ni kwamba msimamizi anapaza sauti kwa sababu mfanyakazi haitiki. TSH ikiwa chini sana, mara nyingi ni kinyume chake, tezi imezidisha kazi, na hapo matibabu ni mengine kabisa. Ndiyo sababu vidonge hivi si chumvi ya kuazimana kwa jirani. Anayemwona mwenzake amevimba shingo akampa vidonge vyake kwa huruma anaweza kuudhuru moyo wake.

Tuliotoka Kivu tunajua rovu. Tumekua tukiona bibi zetu wenye shingo zilizovimba, na mahali pengine watoto waliozaliwa hawasikii, hawasemi, hawakui. Watu walisema ni laana ya ukoo, au maji ya mto fulani. Tangu miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi pamoja na kituo cha Lwiro, karibu na Bukavu, walipima watu wa Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Walikuta kwamba udongo na maji ya huko yamekosa madini joto, yaani iodini, ambayo tezi inayahitaji ili itengeneze homoni. Jambo lililowashangaza ni kwamba madini hayo yalikuwa machache kisiwa chote, lakini rovu ilikuwa nyingi sana kaskazini na kidogo kusini-magharibi. Walipotafuta sababu waliuona muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri una sumu ambayo, ikiisha kubadilishwa na mwili, huizuia tezi kupata yale madini machache yaliyopo. Kwa hiyo mama zetu waliokuwa wakitulazimisha kuloweka muhogo siku kadhaa na kuuanika vizuri walikuwa wanalinda shingo zetu, hata kama walifikiri wanaondoa uchungu tu.

Nchi za milima huwa hivyo kwa sababu mvua huosha madini na kuyapeleka chini. Hata hapa Uganda shida hiyo ilikuwepo, na tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula itiwe madini joto. Nunueni hiyo, na ifunikeni vizuri isipigwe na jua wala unyevu. Lakini tuseme wazi ili mtu asidanganyike: chumvi inazuia rovu ya kukosa madini, haiwezi kuifufua tezi iliyoharibiwa kwa njia nyingine. Mahali ambapo watu wanapata madini ya kutosha, sababu kubwa ya tezi kulegea ni kwamba walinzi wa mwili wenyewe wanaishambulia, kama askari wanaopiga risasi nyumbani kwao. Daktari wa Japani aitwaye Hashimoto aliueleza ugonjwa wa namna hiyo mwaka 1912. Mwenye tezi ya hivyo hakukosea katika chakula, na hakuna dhambi ya kutafutwa.

Hapo ndipo kidonge kinapoingia. Mwaka 1891 daktari mmoja wa Newcastle, Uingereza, jina lake George Murray, alichukua tezi ya kondoo, akaikamua, akamdunga mwanamke wa miaka 46 ambaye ugonjwa huu ulikuwa umemlemea. Mwanamke yule akaamka. Aliendelea na dawa ya kondoo mpaka alipofariki mwaka 1919, akiwa na miaka 74. Kisha siku ya Krismasi ya mwaka 1914 mtaalamu Edward Kendall huko Marekani aliitenga homoni yenyewe, na mwaka 1927 wataalamu wa Uingereza wakaweza kuitengeneza bila mnyama. Leo kidonge hicho kinaitwa levothairoksini. Ni homoni ile ile ambayo tezi nzima ingeitoa. Hakipigani na kitu mwilini. Kinajaza tu kile kilichopungua.

Tumeeleza haya kwa urefu kwa sababu swali la imani linabadilika mtu akijua dawa ni nini.

Wanaosema kwamba dawa ni kukosa imani hutaja mfalme Asa katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 16, ambaye aliugua miguu, akawatafuta waganga, akafa. Sura hiyo tuliisoma kwa makini tulipokuwa chuo cha Biblia, na tunawaomba muisome yote kuanzia mstari wa kwanza. Ugonjwa wa miguu unakuja mwishoni. Kabla yake, Asa alichukua fedha na dhahabu za nyumba ya Bwana akamhonga mfalme wa Shamu ili amsaidie vitani. Nabii alipomkemea, akamtia gerezani, na baadhi ya watu akawaonea. Huyu ni mtu ambaye alikuwa ameacha kuzungumza na Mungu zamani, hata kabla miguu haijauma. Andiko linamlaumu kwa sababu hakumtafuta Bwana hata katika ugonjwa wake. Kumtumia Asa kumtisha mama ambaye ameomba miezi sita kwa machozi si kulitumia neno kwa haki.

Tumtazame badala yake Hezekia. Aliambiwa atakufa, akaugeuzia uso wake ukuta, akalia. Isaya hajatoka hata katika ua, neno likarudi kwamba ameongezewa miaka 15. Ahadi hiyo ni ya Mungu mwenyewe, haina shaka. Na baada ya ahadi, nabii yule yule akaagiza waletewe andazi la tini, wakaliweka juu ya jipu. Kama dawa ni dharau kwa ahadi, basi Isaya ndiye aliyeidharau kwanza. Hezekia hakuambiwa achague kati ya neno na tini. Tunaona pia kwamba Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa wengi walipona, alimwandikia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na katika safari zake alikuwa na Luka tabibu.

Mtu atasema: hiyo tini iliwekwa mara moja, shida yetu ni dawa ya kila siku, isiyoisha. Ni kweli, hapo pana uzito, na hatutaki kuupitia juu juu. Mkimbizi amechoka kutegemea. Anategemea kadi, anategemea orodha, anategemea muhuri wa mtu asiyemjua. Halafu aongezewe kidonge ambacho bila hicho mwili wake unazima polepole! Tunaelewa kwa nini moyo unakataa.

Lakini kumbukeni mana. Wana wa Israeli waliiokota kila asubuhi kwa miaka 40. Waliolala njaa kwa kukataa kuiokota wasingehesabiwa kuwa na imani kubwa kuliko wengine. Iliwapasa kuamka, kutoka hemani, kuinama, kila siku, na siku ya sita kuokota mara mbili. Na ilikoma walipokula mazao ya Kanaani, si siku ambayo mtu aliamua kwamba amechoka nayo. Kuna kutegemea kunakomdharau mtu, na kuna kutegemea ambako Mungu mwenyewe alikuweka jangwani akukufundishe nako. Sisi tunaona kidonge hiki kiko upande wa pili.

Je, basi kila karatasi yenye namba mbaya itiiwe mara moja? Hapana. Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu kabla ya kumhukumu mtu, na madaktari wazuri wanafanya vivyo hivyo. TSH ikipanda kidogo tu na homoni yenyewe bado iko sawa, mara nyingi hurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu wakati mwingine inashuka yenyewe. Tena mwaka 2017 ulitolewa utafiti uliofanywa Ulaya kwa wazee 737 wa miaka 65 na zaidi wenye hali hiyo nyepesi, na kidonge hakikuwasaidia katika uchovu wao kuliko wale waliopewa kidonge kitupu. Kwa hiyo kumuuliza daktari, "Je, ni lazima? Je, tunaweza kupima tena?" si ukaidi. Ulizeni. Msiogope koti jeupe. Lakini mama wetu homoni yake ilikuwa chini na TSH juu sana, na kipimo cha pili kilisema kama cha kwanza. Mashahidi wawili wamekubaliana. Kuendelea kungoja hapo hatuwezi kukuita imani.

Na kwa mwanamke mwenye mimba, au anayetarajia, hatuna maneno mawili. Katika miezi ya kwanza mtoto tumboni hana homoni yake. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Mtu mzima anaweza kusema mwili ni wangu, nitangoja. Mtoto hakuulizwa. Mwenye ugonjwa huu akijua ana mimba, aende kwa daktari upesi, maana mara nyingi kipimo cha dawa huongezwa.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuumiza kuliko yote: ushuhuda.

Levothairoksini haitoki mwilini upesi. Baada ya siku saba hivi nusu yake bado ipo. Fikirini basi mtu ambaye ameombewa Jumapili, akatupa vidonge Jumatatu. Jumapili inayofuata yuko vizuri. Anasimama mbele ya kanisa, anashuhudia, watu wanapiga vigelegele. Jumapili ya tatu bado anatembea. Wengine wanne waliomsikia wanatupa zao. Ni baada ya wiki kadhaa, au miezi, ndipo baridi inarudi, na uchovu, na sauti nzito. Lakini sasa ana aibu kusema, kwa sababu ushuhuda wake umeshaimbiwa. Anajificha. Anakaa nyumbani akizima polepole, na kanisa linasema amerudi nyuma kiroho. Ugonjwa huu ukiachwa muda mrefu unaweza kuulemea moyo, na kwa wachache unafika mahali mtu anapoteza fahamu na kufa. Mambo ya namna hii yameonekana Uganda kwa wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao baada ya maombi, na makaburi yapo.

Mungu anaponya. Tunahubiri hivyo na hatutaacha. Lakini Bwana Yesu alipowatakasa wale kumi wenye ukoma, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao katika siku hizo ndio waliokuwa na kazi ya kukagua ngozi na kutamka kwamba mtu ni safi. Hakuogopa ukaguzi. Uponyaji wake uliweza kusimama mbele ya mkaguzi, na bado unaweza. Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekubaliana hivi: hakuna atakayepewa nafasi ya kushuhudia kwamba ameacha dawa ya kudumu mpaka daktari aliyemwandikia ameona kipimo kipya na amekubali. Wapo waliosema tunamfunga Roho Mtakatifu. Tunawajibu kwa upole kwamba Roho wa kweli haumizwi na ukweli.

Wale wa kundi la tatu, waliosema tungoje mpaka tufike, tunawajibu kwa habari ya kilima chao wenyewe. Ninyi mnaokaa Mpumudde mnajua jina hilo katika lugha ya wenyeji lina maana ya kupumzika, kana kwamba mtu anasema "nimepumzika". Mnajua pia habari ya Omukama Kabalega wa Bunyoro. Waingereza walimkamata mwaka 1899, wakampeleka uhamishoni Visiwa vya Shelisheli. Alikaa huko zaidi ya miaka 20, na huko akabatizwa. Mwaka 1923 akaruhusiwa kurudi kwao. Alifika mpaka Jinja, na pale Mpumudde akafariki tarehe 6 Aprili 1923, kabla hajaiona tena Bunyoro. Maiti yake ndiyo iliyofika, ikazikwa Mparo, karibu na Hoima. Ikiwa mfalme mwenye ruhusa mkononi hakufika, sisi tunapata wapi uhakika wa kuuahirisha mwili?

Tunasema hivi kwa uchungu, kwa sababu ziko familia ambazo zilikuwa zimeshauza masufuria kujiandaa na ndege, na mpango wa wakimbizi wa Marekani ukasimamishwa Januari 2025. Wako waliokuwa wakisema, "meno nitatengeneza huko, macho nitapima huko." Uhamisho unatufundisha kuishi kama watu wanaongoja basi, hatufungui mizigo. Yeremia aliwaandikia waliochukuliwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao. Aliwaambia pia kwamba watarudi, lakini baada ya miaka 70. Tezi haiwezi kungoja miaka 70. Tena wengine wanaogopa kwamba ugonjwa ukiandikwa kwenye faili utawazuia kusafiri. Ugonjwa huu hauambukizi mtu. Kuuficha ndiko kunakoleta hatari, kwa sababu atakayepanda ndege bila dawa na bila karatasi ataanza upya kwa daktari asiyejua lugha yake.

Limebaki jambo la fedha, na hapa lawama haimhusu mgonjwa, inatuhusu wengine. Kidonge hiki kimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, lakini orodha ya Geneva haijazi kabati la kijijini. Mara nyingi kipimo chenyewe hakifanyiki katika vituo vidogo. Lazima uende hospitali kubwa au maabara ya kulipia. Na ninyi mlioko Jinja mnajua kwamba mtu akitoka makazini msaada mwingi haumfuati. Hata makazini, Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililazimika kuwaondoa watu wapatao milioni moja katika mgao wa chakula hapa Uganda, kwa kukosa fedha. Katika nyumba ya namna hiyo mama akihesabu bei ya vidonge anahesabu pia unga. Na mama huwa anachagua unga. Akifanya hivyo anasifiwa kwamba ni mama mwema, na sisi tunasema sifa hiyo ni ya kikatili. Mama aliyezima hawezi kulea. Anayetakiwa kusema "kwanza vidonge, kisha sabuni" ni baba wa nyumba, ili mke asiombe maisha yake kama anaomba kitenge.

Yakobo aliwakemea watu waliomtakia mwenye baridi apate joto huku hawampi nguo. Huyu mgonjwa wetu anasikia baridi kweli kweli. Kikundi cha Mpumudde kimeanza kuweka kisanduku kidogo. Kila Jumatano baada ya maombi mwenye kitu anatia, hakuna anayeandikwa. Mama ameshaanza dawa kutokana na hicho. Maombi juu yake hayajasimama.

Kwa wanaoanza, haya ndiyo mambo ambayo wauguzi wanataka tuyarudie. Kidonge kimezwe na maji matupu, tumbo likiwa wazi, nusu saa au saa moja kabla ya chai. Chai ya maziwa si maji. Vidonge vya kuongeza damu, wanavyopewa wenye mimba, na vile vya kalsiamu, vikae mbali nacho saa nne, maana vinakizuia kuingia mwilini. Usitegemee kuona mabadiliko kesho; wengi huanza kuona nafuu baada ya wiki kadhaa, na damu hupimwa tena baada ya wiki sita mpaka nane ili kiasi kirekebishwe. Usijiongezee, maana dawa ikizidi moyo unakimbia. Vidonge visikae juani wala karibu na moto wa jiko. Mwenye safari achukue vya kutosha, avibebe mkononi pamoja na karatasi ya kipimo, asivitie katika gunia la juu ya gari. Na vikibaki vya wiki mbili mwambie mzee wa kikundi, usingoje viishe.

Kuna familia tatu makazini ambazo vidonge vyao vinanunuliwa Jinja. Yeyote anayesafiri kati ya Jinja na makazi mwezi huu na yuko tayari kubeba bahasha, amwone katibu wa kanisa kabla ya Jumapili.